Wauza TV za OLED mnatuuzia kioo mnaficha masharti yake

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na ule wa "TV gani nzuri". Hapa nalalamika.

OLED yangu imeungua kioo. Nembo ya chaneli ya habari imejichora juu kulia na haitoki hata ukiweka filamu. Ikija picha ya njano au kijivu ndiyo unaiona vizuri, na chini ule utepe wa maandishi umeacha mstari kama ngeu. Nimeirudisha dukani Kariakoo, kijana kaitazama kidogo tu, kasema waranti haihusu "matumizi". Matumizi! Nilinunua TV niifunike kitambaa?

OLED haina taa ya nyuma kama LED tulizozoea. Kila pikseli inawaka yenyewe, na kemikali inayotoa huo mwanga inachakaa kadiri inavyowashwa, bluu ikitangulia. Pale penye nembo isiyohama panachakaa kuliko jirani zake, basi. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka dawa yake humo humo ndani: kwa TV nyingi za aina hii, ukishaangalia jumla ya saa nne hivi halafu ukazima kwa rimoti, TV inabaki kwenye taa nyekundu, inapima pikseli na kuzisawazisha. Ni dakika chache. Ila lazima umeme uwe unafika.

Sasa niambieni, hapa Bongo nani anaacha TV kwenye taa nyekundu? Umeme unakatika na kurudi kwa fujo, kila nyumba na TV guard yake, na usiku kuna mtu anapita kuchomoa kila kitu eti Luku inaisha (wakati TV ikiwa hivyo inakula chini ya wati moja!). Tena aliyekuja kunifungia ni mtu wao, na aliniambia kwa mdomo wake: "Bosi, ukimaliza zima ukutani, usije ukaunguza TV." Nikamsikiliza. Kwa hiyo TV haikuwahi kupata nafasi ya kujisawazisha, na leo hao hao wananiambia nimeitumia vibaya.

Na waliiacha kwenye mpangilio wa picha wa Vivid, mwangaza juu kabisa, vile vile inavyowaka dukani kuvutia wateja. Mle kwenye menyu kuna sehemu ya kufifisha nembo na ya kusogeza picha kidogo kidogo. Hakuna aliyenionyesha.

Kinachoniuma zaidi, niliwaambia kabisa kwamba mzee wangu anaangalia habari kutwa nzima. Muuzaji mwenye utu angenipa LED ya kawaida au QLED (nayo ina taa ya nyuma, majina tu yanafanana), ambazo haziungui hivi, na ningebaki na chenji. Yeye akanipandisha kwenye ya bei.

Halafu asije mtu hapa kuniambia nicheze zile video za rangi rangi za YouTube usiku kucha. Hizo zinazidi kuchosha pikseli zilizobaki, nembo iko pale pale. Na fundi kashaniambia bei ya paneli, bora ninunue TV nyingine.

Ninachotaka kujua: kuna mtu humu kawabana wakabadilisha? Ulipitia Tume ya Ushindani au uliwakomalia dukani? Risiti ninayo, na meseji za yule fundi wao wa "zima ukutani" sijafuta.