Chai ya artemisia na malaria: namba zinasemaje?

Jani_Kavu
Wakuu, naomba wenye famasia na maabara mnisaidie. Artemisinini inatoka kwenye Artemisia annua, na artemeta ya kwenye dawa mseto inatengenezwa kutokana na hiyohiyo artemisinini. Sasa mtu ana majani yaliyokaushwa vizuri, anaweka gramu 5 kwenye lita ya maji moto, anakunywa kutwa, siku 7. Dawa si ileile? Kwa nini WHO wanakataa? Tafadhali msinijibu "hiyo mitishamba tu", nataka namba.

DirishaLaDawa
Mkuu, namba hizi hapa. Watu wazima wenye afya walipewa lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu. Mle ndani artemisinini ilikuwa miligramu 94.5. Artemisinini yenyewe ikitolewa kama dawa, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 500, kwa hiyo hata moja ya tano hujafikisha. Na wewe unazungumzia gramu 5.

Halafu haikai mwilini. Inafika kileleni kwenye damu ndani ya nusu saa hivi, kisha inapungua nusu kila baada ya saa 2 hadi 3. Ukiinywa siku mfululizo, ini linazidi kuwa jepesi kuivunja, hivyo kikombe cha siku ya tano kinakupa kidogo kuliko cha siku ya kwanza.

Kuna jaribio la Kongo lililochapishwa 2004: gramu 5 au 9 kwa siku, siku 7, wakilinganishwa na waliopewa kwinini. Waliopona walikuwa wastani wa asilimia 74 kwa chai na 91 kwa kwinini, na kwa wale wa chai vimelea vilirudi kwa wengi baadaye. Ndiyo maana anayesema amekunywa na homa ikashuka hadanganyi. Homa inashuka kweli, shida inakuja wiki za mbele. Kwenye mseto artemeta inafyeka vimelea haraka, lumefantrini, dawa ya pili ya mseto, inabaki siku kadhaa ikimalizia masalia. Chai haina huyo wa kumalizia.

ShambaDawa
Naongezea upande wa jani, maana hata hizo gramu 9 ni za jani linalojulikana lina nini. Artemisinini imo kwenye vitezi vidogo sana juu ya majani na vichipukizi vya maua. Mbegu bora zilizochaguliwa zinatoa asilimia 1 au zaidi kidogo, mche wa kuokoteza unaweza kuwa na 0.1. Piga hesabu: gramu 5 za jani la kwanza zina miligramu 50, za pili zina miligramu 5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ladha haikusaidii pia, uchungu si kipimo.

Ukichelewa kuvuna hadi maua yakomae, inashuka. Ukihifadhi kwenye unyevu, inashuka. Na sokoni wengi wanauziwa Artemisia afra wakidhani ni annua. Afra ni kichaka cha kudumu chenye majani ya kijivu kama yamepakwa majivu. Annua ni ya kijani, majani yamechanika kama manyoya, inarefuka hadi mita 2 na kufa baada ya kutoa mbegu. Afra karibu haina artemisinini kabisa.

Kuhusu moto: watu hupenda kumtaja Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyegundua artemisinini (Nobel 2015), kwamba mwaka 1971 aliacha kuchemsha akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Sawa, lakini ile ilikuwa kazi ya kupata kiini maabara. Kwenye chai ya gramu 9, maji yanayochemka yalimiminwa, majani yakaachwa dakika 10 kisha yakakamuliwa, na karibu robo tatu ya artemisinini ilitoka. Kuchemsha muda mrefu kunaharibu, ila moto peke yake sio unaoiangusha chai.

Jani_Kavu
Nimekuelewa. Na kinga je? Kikombe kimoja kwa wiki?

DirishaLaDawa
Hapo kuna jaribio la Uganda kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua: chai mara moja kwa wiki, ikapunguza waliougua malaria zaidi ya mara moja. Linavutia, lakini ni la watu wazima wachache. Usilipeleke kwa mtoto wa miaka 3 wala mjamzito. Hofu kubwa ya WHO ni kiwango kidogo kinachowafundisha vimelea kustahimili, na mabadiliko ya kelch13, jini ya kimelea inayohusishwa na ustahimilivu huo, tayari yameonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Anayetumia ARV zenye efavirenzi naye asiiguse bila kumwambia daktari, artemisinini inaamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja dawa hiyo.

Hadubini40
Jambo moja la maabara. Usipime kama chai imetibu kwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ya kawaida. Inasoma protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikiisha. Omba slaidi, yaani damu ichunguzwe kwa hadubini na vimelea vihesabiwe. Na kama kipimo cha mwanzo ni chanya, meza mseto: mtu mzima vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo lumefantrini hainyonywi vizuri. Cha pili kinafuata saa 8 baada ya cha kwanza, sio kesho asubuhi.

Jani_Kavu
"Cha pili" ni dozi ya pili, vidonge vinne tena?

Hadubini40
Ndiyo, vinne vingine. Kuanzia hapo ni asubuhi na jioni. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi.