Naomba ushauri: mume hataki nisimamie kituo cha kura hapa Marekani

Wakuu habari zenu, nimezaliwa Moshi ila sasa ni raia wa Marekani, naishi Columbus, Ohio. Tangu wafuasi wa Trump wavamie Bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021 kuzuia matokeo ya uchaguzi aliokuwa ameshindwa yasithibitishwe, halafu Trump aliporudi madarakani Januari 2025 akawasamehe watu kama 1,500 wa uvamizi huo siku ile ile ya kuapishwa, sina amani kabisa, maana ukishindwa ukaleta vurugu na usifanywe kitu sasa kura ina kazi gani?

Nataka kuomba kazi ya kituoni uchaguzi wa Novemba 2026. Mume wangu kagoma, anasema wasimamizi wanatishiwa maisha (na kweli, jimbo la Georgia uchaguzi wa 2020 walitishiwa sana). Nimshawishi vipi jamani, au nianze kwanza kuandikisha wapiga kura kanisani?