Re: Nimeumia kiwandani, supavaiza anasema nitumie bima yangu

Kutoka: Kaka wa Iowa

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za wikiendi.

Naomba ushauri. Niko kiwanda cha nyama hapa Iowa, Marekani, shifti ya usiku, laini ya kukata mabega ya nguruwe. Bega langu la kulia limekuwa likiuma tangu wakati wa baridi. Wiki iliyopita niliteleza kwenye sakafu yenye mafuta nikaangukia mkono uleule, na sasa siwezi kuunyanyua. Supavaiza amesema nichukue siku zangu za ugonjwa na niende hospitali kwa bima yangu ya kawaida, kwa kuwa ni mimi niliyeteleza. Kuna na karatasi anataka nisaini. Wenzangu niliotoka nao kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wanasema nisaini tu nisije nikapoteza kazi. Mke wangu kasema niulize hapa kwanza.

Kutoka: Dada wa Des Moines

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mkeo amekuelekeza vizuri. Usisaini.

Kesho kabla hujaingia shifti, toa taarifa kwa maandishi: siku, saa, mahali ulipoanguka, nani alikuona, na kwamba bega lilishaanza kuuma kwa kazi ileile ya kila siku. Hata ujumbe wa simu unatosha, mradi nakala ibaki kwako. Hapa Iowa una siku 90 za kumjulisha mwajiri, lakini usizingoje, kwa sababu kila siku inayopita itatumiwa kudai kwamba uliumia nyumbani.

Hilo la kwamba ni wewe uliyeteleza nataka kulijibu kwa kirefu, maana ndilo linalowanyamazisha watu wetu. Katika sheria ya fidia ya kuumia kazini, ile utakayoiona kwenye fomu kama workers' compensation, hakuna anayeuliza nani aliteleza. Kama ulikuwa kazini na kazi ndiyo iliyokuumiza, unalipwa. Wanaokosa ni watu kama aliyelewa au aliyejiumiza makusudi.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1842, mahakama kuu ya Massachusetts iliamua kesi ya dereva wa treni aitwaye Farwell, aliyepoteza mkono wa kulia kwa sababu mfanyakazi mwenzake aliacha reli imegeuzwa vibaya. Hakupata kitu. Aliambiwa kosa ni la mwenzake, si la kampuni, na kwamba hatari ya kazi aliikubali alipokubali mshahara. Ukiongeza na hoja ya tatu, kwamba majeruhi mwenyewe hakuwa mwangalifu, unaona jinsi mwajiri alivyokuwa na milango mitatu ya kutokea. Sheria hiyo ndiyo iliyotawala wakati reli inafika Pasifiki mwaka 1869, wakati Chicago inakuwa machinjio ya nchi nzima, wakati Pittsburgh inayeyusha chuma usiku na mchana. Mwanasheria mmoja mwanamke, Crystal Eastman, alihesabu waliokufa kazini katika wilaya moja tu, Allegheny, iliko Pittsburgh, kwa miezi 12 kuanzia Julai 1906. Walikuwa 526. Miongoni mwao walikuwemo wahamiaji wengi waliotoka Ulaya ya mashariki na kusini, watu waliokuja kutafuta riziki kama sisi. Wajane wengi walipewa dola 100 au chini ya hapo, na wengine hawakupewa chochote.

New York ilijaribu kutunga sheria ya fidia mwaka 1910. Tarehe 24 Machi 1911, mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta, ikisema kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua palepale New York. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na Kiitaliano waliokuwa bado wageni nchini. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walishtakiwa wakaachiwa, na mwaka 1914 familia zilizofungua madai zikalipwa dola 75 kwa kila marehemu. Kila nikisoma habari hii napata uchungu uleule. Watoto wa watu, dola 75.

Mwezi Mei mwaka huohuo wa 1911, Wisconsin ikapitisha sheria iliyosimama, na majimbo mengine yakafuata, la mwisho likiwa Mississippi mwaka 1948. (Wazo lenyewe lilitoka Ujerumani, sheria ya 1884 ya Bismarck, huyohuyo aliyetuitishia mkutano wa Berlin mwaka huohuo.) Makubaliano yalikuwa haya: mfanyakazi anaacha haki ya kumshtaki mwajiri wake mahakamani, na mwajiri analipa matibabu na sehemu ya mshahara bila kubishana kosa ni la nani. Kwa hiyo, mdogo wangu, ile haki ya kushtaki ulishaitoa siku uliyoajiriwa. Ukisaini karatasi ya kutumia bima yako mwenyewe, unakuwa umetoa pande zote mbili na hujapokea kitu. Tena bima ya kawaida ikigundua kuwa uliumia kazini inaweza kukataa kulipa, na bili ikabaki mlangoni kwako.

Sasa mambo ya kufanya. Hapa Iowa mwajiri ndiye anayechagua daktari, basi omba akupeleke. Tangu dakika ya kwanza mwambie daktari kuwa uliumia kazini, na bega la tangu baridi ulitaje pia, kwa sababu maumivu ya kurudia mwendo mmoja kwa miezi nayo yanahesabika. Omba mkalimani, na kama Kiswahili chako ni cha Kongo sema hivyo. Usimpeleke mtoto akutafsirie. Ukikaa nyumbani kwa agizo la daktari, malipo ya wiki yanaanza siku ya 4, na Iowa inalipa asilimia 80 ya kile kinachobaki mkononi baada ya kodi, mpaka kiwango cha juu kilichowekwa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu watu wa viwanda vya nyama huwa wanachanganya. Yule mkaguzi wa serikali anayesimama kwenye laini ni wa sheria ya 1906, iliyopitishwa baada ya wananchi kusikia uchafu wa machinjio ya Chicago. Yupo kwa ajili ya nyama. Usidhani ukimwonyesha bega lako umetoa taarifa. Usalama wako wewe uko kwa OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, iliyokuja kwa sheria ya 1970.

Kutoka: Mzee wa Houston

Dada amesema kweli, ila walio Texas wasome hapa. Huku mwajiri binafsi halazimiki kujiunga na bima hiyo. Uliza siku ya kwanza ya kazi, anatakiwa kukujulisha. Kama hakujiunga, unaweza kumshtaki kwa uzembe, na ile milango mitatu anayoisema dada sheria imemfungia. Lakini wengine huwasainisha watu mapema kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi wa binafsi badala ya mahakama. Soma, au tafuta wa kukusomea. Na walio Ohio, kwenu huko bima hii iko mikononi mwa serikali ya jimbo, ofisi inaitwa BWC, kwa hiyo madai yanafunguliwa kwao.

Kutoka: Kaka wa Iowa

Asanteni sana. Nimeandika taarifa na HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, wameipokea, nimeipiga picha. Kesho napelekwa kwa daktari. Swali la mwisho: mwakani naomba uraia. Hili halitaniharibia?

Kutoka: Dada wa Des Moines

Halitakuharibia. Hii ni bima anayoilipia mwajiri kwa ajili ya kazi uliyoifanya, si msaada wa serikali. Kukufukuza kwa sababu umedai nako ni kosa kisheria. Wakianza kukupunguzia saa au kukuhamisha bila sababu, andika tarehe na maneno waliyosema, kisha tafuta wakili wa mambo haya. Kwa kawaida malipo yake hutoka kwenye fidia, kwa hiyo kutokuwa na pesa leo kusikuzuie kumpigia.

Ile karatasi waliyotaka usaini bado unayo? Ipige picha, funika jina na namba zako, unitumie mimi peke yangu, si kundi zima. Nataka kuisoma kabla hujaingia kwa daktari.