Gesi ya bomba ikifika Mbeya: Jiji lidai ada, au lidai masharti?

Mleta mada (Iyunga, Mbeya)

Wakuu, heshima mbele.

Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, inazalisha umeme Dar tangu 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lilikamilika 2015. Huku kwetu bado ni mtungi na mkaa. Lakini Tanzania na Zambia zimeshazungumzia bomba la gesi la kwenda kwao, na likijengwa sioni litapita wapi kama si hapa. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipita huku mwaka 1968, na hadi leo mafuta yanapita chini ya miguu yetu yakienda Ndola, Zambia.

Kwa hiyo nauliza mapema, kabla katapila halijafika. Siku kampuni itakapoomba kufukia mabomba Sisimba, Forest, Mwanjelwa hadi Uyole, madiwani wetu wadai nini? Marekani jambo hili ni la kawaida. Mji unaingia mkataba na kampuni ya gesi: kampuni inaruhusiwa kupitisha mabomba chini ya barabara za mji kwa miaka kadhaa, na inalipa ada, mara nyingi asilimia fulani ya mapato yake mjini humo. Mimi naona na sisi tudai. Ardhi ni yetu, vumbi tutakula sisi.

Mama lishe, Mwanjelwa

Kaka, hiyo ada ataitoa nani? Kampuni haina shamba la hela. Itaiweka kwenye bili yangu.

Tulishaliona hili. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tuliambiwa ni ya mwenye nyumba. Mimi nimepanga. Nikinunua umeme inakatwa kwangu, nikimwambia mwenye nyumba anirudishie, ananijibu tutaongea. Mwaka wa ngapi huu tunaongea? Sasa na gesi nayo mnataka iwe hivyo hivyo. Mimi napikia watu, kila shilingi inayoongezeka kwenye moto inaongezeka kwenye sahani ya wali, na mteja wangu ni kijana wa kubeba mizigo sokoni.

Mstaafu wa halmashauri, Uyole

Wanangu, mnagombania kitu ambacho Jiji halinacho. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Ile kuu ya kwenda Tunduma ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Bei ya gesi inapita EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, si kwenye baraza la madiwani. Hayo ya Marekani yanawezekana kwa sababu kule mji ndio wenye barabara.

Halmashauri ina ushuru wa huduma, usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kilwa wanaupata kwa gesi ya Songo Songo. Kampuni ikiuza gesi ya shilingi bilioni 1 hapa, ushuru huo haufiki zaidi ya milioni 3. Ni kidogo, lakini upo kisheria. Kaeni na huo.

Mchangiaji, Iringa Mjini

Milioni 3 ni matusi, mzee wangu. Halmashauri zimenyang'anywa vyanzo kimoja baada ya kingine, kisha tunawalaumu madiwani kwamba zahanati hazina dawa. Ada iwepo hata kama sheria itabidi ibadilishwe. Mwenye kipato kikubwa atatumia gesi nyingi, atalipa zaidi.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Umenisahihisha, nakubali. Na dada wa Mwanjelwa amenigeuza kabisa, nilikuwa naitazama hela inayoingia Jiji bila kutazama mfuko inakotoka. Ndugu wa Iringa, hapo kwa mwenye kipato mimi sikubaliani nawe. Tajiri anapikia watu watano. Mama lishe anapikia hamsini. Ada ya asilimia itamkamata yeye kwanza.

Basi tuache ada. Ila mezani Jiji likae, pamoja na TARURA, kwa sababu kuna mambo yenye thamani kuliko hela. La kwanza ni muda. Jiji la San Diego, Marekani, lilifunga mkataba wa umeme na gesi mwaka 1970, wa miaka 50. Fikirieni: diwani aliyenyoosha mkono siku ile aliwafunga hata wajukuu zake. Ulipoisha, mwaka 2021 wakakubaliana miaka 10, na mingine 10 juu yake. Mkataba mrefu hauna dawa. Ukishasaini, kampuni haina sababu ya kukusikiliza tena.

La pili ni mtaro. Mtaani kwetu walikuja watu wa kupitisha nyaya, wakakata lami, wakafukia kwa udongo mtupu, wakaondoka. Mvua za Novemba zilipoanza, pale pakawa shimo. Bodaboda wameanguka pale, na mtoto wa jirani alivunjika mkono. Tulikwenda ofisi moja wakatutuma nyingine, na ya pili ikaturudisha ya kwanza. Mwishowe tulichanga wenyewe tukanunua kokoto. Sitaki hilo lirudiwe kwa mabomba ya gesi, ambayo yakivuja ni roho za watu. Kampuni iweke dhamana ya fedha kabla ya kuchimba, na irudishiwe tu lami ikishapona masika moja.

Mstaafu wa halmashauri, Uyole

Marahaba. Dhamana, hapo umenena. Ongeza na kata za pembeni. Wasiruhusiwe kuunganisha Forest na kumaliza huko miaka mitano huku Nsalaga ikisubiri. Ratiba ya kata iandikwe ndani ya mkataba, na faini yake.

Mama lishe, Mwanjelwa

Na mita. Iwe ya kila mpangaji, isiwe moja ya mwenye nyumba. Nyumba ninayokaa tuko kaya nne kwa mita moja ya umeme, na ugomvi wake mnaujua. Mkiandika hilo, na kama kuna tozo yoyote iandikwe peke yake kwenye risiti niione, mimi mkaa nauacha.