Mjadala: Mtandaoni anashinda mwenye mtaji au mwenye huduma nyepesi kutumia?

Mtoa mada (Mwanjelwa, Mbeya):
Wakuu, poleni na baridi. Jirani yangu sokoni anasema vijana wa huku wasihangaike kutengeneza huduma za mtandaoni, kampuni kubwa zitawameza tu. Nakataa kabisa.

Mwaka 2005 YouTube ilianza, na mwaka huohuo Google wakafungua Google Video. Fedha, mitambo, jina, vyote Google walikuwa navyo. Lakini mwanzoni kuangalia video kwao kulidai kwanza upakue programu yao. YouTube unabofya, inacheza palepale. Mwaka 2006 Google wakatoa dola bilioni 1.65 kuinunua.

Au WhatsApp, ya mwaka 2009. Skype, huduma ya kupigiana simu na kuandikiana mtandaoni, iliitangulia kwa miaka 6, ila ilitaka ubuni jina na neno la siri. WhatsApp ilitaka namba ya simu basi, na watu wako unawakuta humo. Mama mkwe wangu yuko Tukuyu, barua pepe hajawahi kuwa nayo. Leo anapiga picha mikungu ya ndizi, anataja bei kwa sauti, wateja wanajibu.

Mimi mwenyewe nilijaribu huduma moja kubwa ya kuuzia mazao. Namba ya NIDA, barua pepe, neno la siri lenye alama, picha ya uso. Bando likakata sijaweka hata gunia moja la viazi. Sikurudi.

Mchangiaji (Makambako):
Kaka, mfano wako unanibeba mimi. YouTube leo ni ya nani? Google. WhatsApp je? Facebook waliinunua 2014. Mdogo kalima, mkubwa kavuna. Halafu wepesi unaigwa.

Mtoa mada:
Ni kweli walinunuliwa, hilo silipingi. Ila iliyofungwa ni Google Video. YouTube ipo na jina lake. Mkulima aliyeuza shamba kwa bei aliyoitaka hajanyang'anywa.

Kuigwa ndiko sikubaliani. Kwenye kampuni kubwa kila idara inataka swali lake liwemo kwenye fomu, na anayethubutu kulifuta anagombana na wenzake. Vijana watatu wa Iringa wanalifuta jioni moja.

Ndugu yangu wa Makambako, nawe wa Tunduma unayesoma kimya: huduma ya mwisho uliyoiacha njiani, ulikwamia hatua ipi?