Filamu niipendayo: naipenda kwa macho au kwa masikio?

Mtazamaji
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri. Ipo filamu moja ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiitaja kila ninapoulizwa ni ipi niipendayo kupita zote. Juma lililopita niliitazama tena usiku, nikazima sauti ili nisiwaamshe waliolala, na lile tukio la kuagana, ambalo halijawahi kupita bila kunitoa machozi, likapita kama watu wawili wanaongoja basi. Nilipolirudia kwa sauti, koo likanikaba palepale fidla zinapoingia. Tangu hapo najiuliza kama niliwahi kuipenda filamu yenyewe, au nilipenda muziki tu na picha zikaufuata nyuma. Ninyi wenzangu hutenganishaje?

Nyuzi Nne
Jaribio lako halikuitendea haki filamu, ingawa limefichua jambo la kweli. Alfred Hitchcock, katika Psycho ya mwaka 1960, alitaka tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akauandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake kama alivyofanya katika filamu nzima, na Hitchcock alipousikia akabadili uamuzi. Ikiwa mwongozaji mwenyewe, aliyeijua kila picha, alikiri kwamba tukio limekuwa jingine, wewe mtazamaji huna sababu ya kuona haya. (Mimi huzisikia nyuzi zile hata ninapofungua bomba la maji, jambo ambalo silitangazi sana.)

Msafiri wa Treni
Naongeza kwamba si kila mara muziki huja baadaye. Ennio Morricone alitunga muziki wa Once Upon a Time in the West, filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1968, kabla ya upigaji picha kuanza, na Leone akawa anaupiga kazini ili waigizaji wauzoee mwendo wake. Tazameni yule mwanamke aliyeshuka kwenye treni bila kupokewa na mtu: kamera inapopanda juu ya paa la stesheni na mji ukafunguka mbele yake, kupanda kwake ni kupanda kwa muziki. Anayezima sauti hapo hajaondoa pambo, ameondoa kile ambacho kamera ilikuwa ikikifuata.

Sikio Gumu
Mimi sikubaliani nanyi. Tangu nilipotambua kwamba fidla huniamuru kulia hata kabla mhusika hajafumbua kinywa, nimekuwa mkaidi. Filamu ninayoirudia mara kwa mara ni ya Hitchcock huyohuyo, The Birds ya mwaka 1963, ambayo haina muziki wa kuisindikiza; sauti za ndege, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa ala ya kielektroniki, ndizo zilizoshika nafasi hiyo, naye Herrmann alikuwa mshauri wa sauti. Mwanamke anakaa kwenye benchi akivuta sigara, kunguru wanakusanyika nyuma yake mmoja mmoja, na wimbo pekee unaosikika ni wa watoto walio darasani, wasiojua lolote. Hakuna aliyeniambia niogope, na ndiyo maana niliogopa. Ndugu Mtazamaji, lifanye jaribio lako kinyume: ipe skrini mgongo usikilize.

Mtazamaji
Nimelifanya jana, na limenishangaza. Kabla ya fidla kuna mlio wa sanduku likiwekwa sakafuni, kisha kimya kirefu kidogo, ambacho katika miaka yote hii sikuwahi kukisikia kwa sababu macho yalikuwa kwenye nyuso zao. Nilikuwa nimezihesabia fidla kazi ambayo kimya kile kilikwisha kuifanya, kwani zilipoingia, nilikuwa tayari natafuta leso.