Je, kigezo cha ustawi wa mlaji kinamwona mvuvi wa sangara?

Msoma Sheria, Igoma
Habari zenu wanajukwaa. Nasoma sheria ya ushindani, na kuna jambo linalonisumbua kila nipitapo Kirumba, mwalo wa kushushia samaki hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kwa mtazamo uliopata nguvu Marekani baada ya kitabu cha mwanasheria Robert Bork cha mwaka 1978, mwenendo wa kampuni hupimwa kwa athari zake kwa mlaji, hasa katika bei na wingi wa bidhaa. Lakini minofu ya sangara wetu huliwa sana Ulaya. Wanunuzi wakikubaliana kumpunja mvuvi mwaloni, na bei ya huko isipande hata senti moja, je, kigezo hiki kina la kusema?

Wakili, Nyamagana
Kinalo, isipokuwa kwa wanaokitafsiri kwa ufinyu. Mwaka 1948, miaka 30 kabla ya kitabu hicho, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la wakulima wa viazisukari wa kaskazini mwa California, waliodai kwamba viwanda vya sukari vimekubaliana juu ya bei ya kuwalipa. Mahakama ilisema wazi kwamba Sheria ya Sherman ya 1890, ambayo ni sheria ya ushindani ya huko, haimlindi mlaji peke yake, bali hata muuzaji. Mwaka 2022 tena, mahakama ya Washington iliizuia kampuni ya uchapishaji wa vitabu ya Penguin Random House kuinunua mshindani wake, Simon & Schuster, na hoja iliyobeba shauri ilikuwa malipo ya waandishi, wala si bei ya kitabu dukani. Mwandishi yule na mvuvi wako wana shida moja: wanunuzi ni wachache.

Mwenye Mtumbwi, Ukerewe
Shikamoo wakili. Naomba mtazame na mikopo. Wakala hukupa nyavu na petroli, nawe unalazimika kumpelekea yeye samaki wote kwa bei anayoitaja mwenyewe mizani ikiwa mkononi mwake. Hata ukisikia kwamba mwalo wa pili wanalipa vizuri zaidi, deni limekufunga, na sangara bila barafu hasubiri.

Wakili, Nyamagana
Marahaba, ndugu yangu. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 inataja lengo lake kuwa ni kukuza ustawi wa watu wa Tanzania kwa ujumla, na kumlinda mlaji ni mojawapo tu ya shabaha zilizoorodheshwa chini ya lengo hilo, jambo ambalo naliona ni la busara kubwa kwa nchi ya wazalishaji wadogo. Kwa hiyo, wanunuzi wakipanga bei pamoja, sioni kwa nini mlalamikaji aliye mbele ya Tume ya Ushindani adaiwe ushahidi wa bei za Ulaya. Mkopo wa wakala mmoja ni mgumu zaidi, kwa kuwa hapo hakuna makubaliano kati ya washindani. Itabidi kuthibitisha kwamba wakala huyo ana nguvu ya kuhodhi soko. Na soko lenyewe ni lipi? Tukihesabu ziwa zima, yeye ni mdogo. Tukihesabu mwalo ambao mvuvi mwenye deni hawezi kuukwepa, huenda yeye ndiye soko zima. Ningeanzia hapo, kwa kukusanya daftari za madeni na stakabadhi za mizani.